Siku Niliyomtazama Mama Mkwe Usoni

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwauliza watu wa mtaa wetu jambo ambalo mtu mwenye adabu haulizi. Naingia uani, napiga hodi, nasalimia wakubwa na watoto, nauliza habari za shamba na za ziwa, halafu nauliza: nani anaharisha hapa? Ameenda mara ngapi? Inatoka namna gani? Watu wa Uvira wanapenda kucheka, na kwa ajili ya maswali hayo walinipa jina ambalo sitaliandika, maana watoto wangu wanajua kusoma. Lakini walinijibu. Hata mabibi wa kanisani, wale wanaovuta kitenge kufunika kifundo cha mguu, walinijibu huku wakitazama pembeni.

Mimi ni fundi wa kushona. Cherehani yangu iko kwenye baraza ya duka la vitenge la jirani yangu, Mwislamu ambaye wazee wake walifika hapa zamani kwa biashara ya ziwani. Cherehani ndiyo inayonilisha. Kazi yangu ya pili hainilishi chochote: mimi ni reko, mmoja wa wale wanaojitolea, ambao kituo cha afya kinawatuma waende katika nyumba za majirani zao. Nilipewa kizibao, daftari na mafunzo ya siku chache, na tangu hapo najiona nusu daktari. Mke wangu husema nusu hiyo ni ndogo sana.

Maji ya bomba yakikatika, na hukatika mara nyingi, mji mzima unarudi ziwani na bidoni, yaani madumu ya njano. Hapo kila asubuhi, kabla sijaketi kwenye cherehani, husimama na wenzangu wawili ufukweni kwenye meza ya klorini. Mtu akishateka maji, tunavuta dawa kwa bomba la sindano lisilo na ncha, tunaisukumia ndani ya bidoni yake, tunamwambia asubiri nusu saa ndipo anywe. Tangu ziwa lilipopanda na kuingia katika vyoo vya nyumba za mstari wa mbele, sioni namna nyingine. Wapo wanaolalamika kwamba maji yananuka. Nawajibu vibaya. Nina hasira za karibu, na mtu akiniambia maji ya ziwa ni matamu bila dawa, namwambia kaburi nalo lina kivuli kizuri. Wenzangu wamenikataza mara nyingi kusema hivyo.

Katika mtaa wote kulikuwa na mtu mmoja tu nisiyeweza kumwuliza swali langu, naye alikuwa analala nyumbani kwangu.

Kwetu, mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali chakula mbele yake, haketi naye chumba kimoja, hakanyagi mahali anapolala. Mkiwa na neno, mnalituma kwa mdomo wa mtu mwingine, hata kama nyote wawili mnasikia. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na mama wakwe zao, mkono begani, wanaziweka kwenye simu. Mimi sikulelewa hivyo, na yeye, mama wa kijiji cha Lubarika, mkulima wa mpunga, alilelewa hivyo zaidi yangu. Si chuki, watu wa nje hudhani ni chuki. Yule mama ndiye aliyenipa mke, na ukimwonea mtu haya kiasi hicho, kila siku unakumbuka alichokupa.

Alikuja kwetu alipozaliwa mtoto wetu wa tano, kumwogesha mtoto na kumpumzisha binti yake. Alileta mchele, viazi vitamu na kuku aliyefungwa miguu. Alilala chumba cha nyuma, chenye mlango wake wa kutokea uani. Mimi nikitaka kupita uani nakohoa, naye anajifunika na kugeukia ukuta. Yeye akitaka kwenda chooni anakohoa, nami najifanya natafuta kitu barabarani. Nyumba nzima ilikuwa ya kukohoa. Jirani, mke wa mwenye duka, alituuliza kama tumepimwa kifua kikuu.

Wiki ya kwanza nilimshonea blauzi. Sikumpima, ningempimaje? Nilichukua blauzi ya zamani ya mke wangu, nikaongeza kidogo hapa, nikapunguza pale, nikaituma. Kesho yake nikiwa nakula nilisikia sauti yake toka nyuma ya nyumba, akimwambia binti yake kwa nguvu ili nisikie:

"Ambia mukwe wangu aksanti. Lakini mukono ya kuume inanibana."

Nilifurahi siku nzima. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na hilo lilikuwa neno refu kuliko yote aliyowahi kunitumia.

Ilikuwa wiki ya tatu ya ugeni wake, na mabomba yalikuwa makavu kwa siku nyingi. Asubuhi ile mke wangu aliondoka mapema na kichanga kwenda kituo cha afya, kwa chanjo yake ya kwanza. Watoto wakubwa walikuwa shule. Mimi nilikuwa ufukweni, nikagundua nimesahau daftari, nikarudi nyumbani nikijilaumu njiani. Nilipofika kwenye kona ya nyumba nilikohoa, kama kawaida.

Hakuna aliyejigeuza. Hakuna kitambaa kilichovutwa. Nikakohoa tena, nikachungulia uani. Ardhi kutoka mlango wa nyuma hadi chooni ilikuwa imelowa mahali pengi, na katika sehemu moja maji yalikuwa bado hayajanywea. Yalikuwa meupe kidogo, kama maji ya kuoshea mchele. Nimeyaona maji hayo katika nyua nyingi. Sikuhitaji daftari.

Nilisimama nje ya mlango wa nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu nioe nilimwita mwenyewe.

"Mama."

Toka ndani ikaja: "Niko muzuri."

Haikuwa sauti yake. Ile sauti iliyolalamikia mkono wa blauzi ilikuwa imepotea, imebaki pumzi yenye mikwaruzo. Kipindupindu kinamkausha mtu mpaka koo.

"Mama, uko unaharisha?"

"Mutoto wangu iko wapi?"

"Iko ku chanjo na kichanga."

"Nitamungojea."

"Hapana, Mama. Kungojea haiko. Ulienda mara ngapi?"

Nilisikia akijivuta sakafuni. Kisha akasema polepole, "Mukwe haulizangi vile."

"Leo siko mukwe. Leo minye ni reko."

"Reko na mukwe banavaa suruali moja," akasema.

Nilicheka huku machozi yakinitoka, na nilimpenda sana pale, mwanamke anayekauka mlangoni kwangu na bado ana jibu. Baadaye nilijua kwamba alikuwa ameanza kabla ya mapambazuko. Alitembea kwa vidole akienda chooni, hakukohoa hata mara moja ili tusihesabu safari zake. Binti yake alipoamka, alimwambia amechoka tu, aende na mtoto asichelewe. Alimficha binti yake kwa sababu alijua binti angeniambia mimi. Mtaa mzima ulikuwa unaniambia habari za matumbo yao, na mama mkwe wangu alikuwa tayari kufa ili nisijue za kwake.

Nilikimbia kwa jirani nimwombe mkewe aje. Alikuwa amekwenda sokoni, dukani yupo mume tu na mita yake ya kupimia vitenge. Nikarudi mbio. Nilifungua pakiti ya chumvi ya kuharisha, nikaikoroga katika lita moja ya maji safi, nikajaza kikombe, nikakisukuma ndani ya mlango kwa mkono nikiwa nimegeuka nyuma. "Kunywa, Mama. Kidogo kidogo." Nikasikia mkono wake ukitafuta sakafuni, kisha kikombe kikianguka, kisha hakuna kitu. Nikaita. Sikujibiwa.

Nikaingia.

Najua wasomaji wengine watashangaa kwamba mwanaume mzima alihitaji muda wote huo kuingia katika chumba cha nyumba yake. Na washangae. Nilipovuka kizingiti kile nilijisikia navunja kitu ambacho baba yangu na babu yangu walikibeba bila kukidondosha. Kwanza nilitazama ukuta. Halafu nikamtazama yeye, kwa sababu mgonjwa hapimwi ukutani.

Macho yalikuwa yamezama. Nikamshika mkono, wa baridi, nikafinya ngozi ya nyuma ya kiganja kama tulivyofundishwa, na ngozi ilibaki imesimama, haikurudi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Miaka yote nilimfikiria kuwa mwanamke mkubwa mwenye mabega, labda kwa sababu ya sauti. Aliponiona alifumba macho, akayakaza kabisa. Nilielewa: kama ni lazima mmoja wetu aone, basi tusiwe wawili.

Nilimvua kitenge kilicholowa, nikamkausha, nikamfunga kingine. Sitaeleza zaidi ya hapo, hayo ni yake. Nitasema tu kwamba nilikuwa nikimwambia "pole, Mama" kila mkono wangu uliposogea, na kwamba nilimfanyia kama nilivyomfanyia mama yangu mzazi katika siku zake za mwisho. Kisha nikamweka mgongoni, nikamfunga kwa kitenge cha mke wangu kama abebwavyo mtoto, nikatoka naye barabarani.

Watu walisimama. Mwanamke mmoja anayeuza ndakala, dagaa wa ziwani, alipiga makofi, akasema, "Ee Mungu wangu, iko anabeba mama mukwe!" Sikumjibu, na kwangu hilo ni ajabu. Wenye pikipiki wawili waligeuza vichwa walipoona hali yake. Wa tatu alisimama, kijana nisiyemjua, baadaye nilisikia ni wa kijiji cha Kiringye, akasema tu, "Panda." Tulimweka katikati, mimi nyuma nikimkumbatia asianguke. Njia nzima nilikuwa nikisikiliza kama anapumua, na nilikuwa nikiomba, mimi ambaye Jumapili husinzia kanisani.

Kituo cha matibabu ya kipindupindu kwetu ni mahema na uzio wa maturubai. Mlangoni unakanyaga kwenye beseni la klorini, unanawa mikono kwa klorini, na pikipiki ya kijana yule nayo ilipulizwa dawa kabla ya kuondoka. Muuguzi wa zamu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimtazama mara moja akaita serumu, maji ya kutia mshipani. Mshipa haukuonekana. Alijaribu mkono wa kushoto, akajaribu wa kulia, na mkono wa blauzi ukakataa kupanda. Akachukua mkasi akaukata. Mshono wangu, ule uliobana. Nilitamani nimeze mkasi.

"Ni nani yako?" muuguzi aliuliza bila kuinua uso.

"Mama mukwe."

Sasa akainua uso. "Na ulimubeba weye?"

"Nani angemubeba?"

Akainamia mkono tena. Alipata mshipa, serumu ikaanza kukimbia, akaniletea kiti cha plastiki. Katika hema lile kiti ni heshima kubwa.

Mke wangu alifika saa moja baadaye na kichanga kifuani, miguu imejaa vumbi, akazuiwa mlangoni. Mtoto wa wiki tatu haingizwi pale, na mama anayemnyonyesha haingii kisha akatoka kwenda kumshika. Walimweleza taratibu, akaelewa, akalia. Alisimama upande wa pili wa maturubai akaita, "Mama! Mama!" na ndani hakuna sauti ya kumjibu. Nikajibu mimi: "Iko hai. Iko anapata serumu." Hatukuwa na mwanamke mwingine wa ukoo Uvira. Ndugu zake walikuwa Lubarika na Mutarule, na barabara ya bondeni siku hizo haikuwa ya kuaminika. Mlinzi wa mgonjwa angekuwa nani? Muuguzi alinipa glavu na ndoo.

Kwa hiyo nilikaa. Kitanda cha kipindupindu kina tundu katikati, na chini ya tundu kuna ndoo. Nilimwaga ndoo, nikatia klorini, nikarudisha ndoo. Nilimnywesha maji ya chumvi kwa kijiko, huku serumu ikiendelea kudondoka katika mkono mmoja. Yeye aligeukia ukuta wa hema, kitenge kimefunika kichwa, na siku ile nzima hakusema nami hata neno moja. Nilikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba atakufa mikononi mwangu. Ya pili ilikuja jioni, chupa ya serumu sijui ya ngapi, mikono yake ilipoanza kupata joto: kwamba ataishi, atarudi Lubarika, na kwa aibu hatakanyaga nyumbani kwangu tena. Mke wangu angekuwa na mama asiyeweza kumtembelea, kwa sababu ya macho yangu mimi.

Kesho yake mchana nilirudi nyumbani kwa saa moja, kwa sababu timu ya usafi ilikuja kupuliza dawa. Alikuwa mwenzangu tunayesimama naye ufukweni, amebeba pompi mgongoni, pamoja na afisa wa eneo la afya mwenye daftari kama langu. Walipuliza choo, chumba cha nyuma, ua, na nyumba za majirani wa pande zote. Kila nyumba iliachiwa vidonge vya kutibu maji. Majirani walitazama toka ukutani. Safari ngapi nimewapeleka watu wa pompi katika nyumba za wengine, nikiwaambia wasione aibu, hii ni huduma tu! Siku ile niliona aibu mpaka masikio yalinichoma.

Kisha afisa akaniuliza maswali yangu mwenyewe. Nani ameharisha tena? Hakuna. Mlikula wapi? Hapa. Maji ya kunywa yako wapi?

Hapo nilijikaza. Nilimwingiza sebuleni nikamwonyesha bidoni yangu: imesafishwa, imefunikwa, imetiwa klorini kwa mkono wangu, imewekwa juu ya kigoda kando ya kiti changu, mbali na watoto na kuku, kikombe chake kinaning'inia msumarini. Ndivyo tunavyofundisha.

"Na mama alikuwa anakunywa hii?"

"Hii. Nyumba yote inakunywa hii."

"Hapana," mke wangu akasema nyuma yetu.

Alikuwa amesimama mlangoni na mtoto, anatazama chini.

"Mama hawezi ingia mu saloni," akasema. "Kiti yako iko mule. Hata weye ukiwa ku kazi, ile ni mahali yako. Alikuwa anakunywa ya mu bidoni ya inje."

Bidoni ya nje ilikuwa ya kufulia nepi. Maji ya ziwa kama yalivyo. Klorini hatuipotezi kwa maji ya kufulia. Ni mimi mwenyewe niliyeamuru.

"Na weye haukumupelekea?" Nilifoka mbele ya wageni.

"Nilimupelekea mwanzo. Kisha mutoto akakuwa analia kila saa, nikachoka. Nikafikiri anaingia kuchota. Nilikuta kikombe yake ku bidoni ya kufua jana, ukiisha kumubeba."

Nilikasirika sana, na kwa kuwa sikuthubutu kujikasirikia mwenyewe mbele ya watu, nilimkasirikia yeye. Nilisema maneno ambayo jioni niliyaombea msamaha, kupitia maturubai, nikiwa nimeshika ndoo. Mwanamke wa wiki tatu toka uzazini! Ni mimi niliyechukua maji masafi pekee ya nyumba nikayaweka mahali pekee ambapo mgeni wangu hawezi kufika. Niliyaweka pale ili wageni wengine wayaone. Afisa hakunilaumu. Aliandika, akafunga daftari, akasema tuongeze swali moja kwenye ziara zetu. Tangu wakati huo, nikiisha kuuliza maji yako wapi, nauliza: nani katika nyumba hii hawezi kuyafikia? Laiti ningeuliza hivyo zamani. Nimemkuta mkwe wa kike asiyepita mbele ya baba mkwe wake, anakunywa mtoni akienda kufua. Nimemkuta mzee ambaye miguu imekufa, ndoo iko juu ya kabati, anangoja wajukuu watoke shule. Wote walikuwa katika nyumba nilizokwisha kuzipitisha kwamba ni safi.

Siku ya pili jioni mama mkwe aliomba uji. Alimwomba muuguzi, si mimi, ingawa nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake. Siku ya tatu alikaa kitandani mwenyewe. Siku ya nne muuguzi akasema aende nyumbani, akampa pakiti za chumvi na kumweleza namna ya kuzikoroga, naye akaitikia kwa kichwa, uso ukutani. Katika mtaa wetu hakuna mwingine aliyeugua.

Simu ya kaka wa mama mkwe ilinikuta siku hiyo, toka Lubarika. Ni mzee mkali, nami nilisimama kumpokea kana kwamba yuko mbele yangu.

"Nasikia ulimubeba dada yangu."

"Ndiyo, Muzee."

"Ku mugongo?"

"Ku mugongo."

Nikangoja faini yangu ya kuvunja mwiko. "Utamunulia kitenge," akasema, "muzuri. Na kuku utaleta huku, tutakula shiye banaume, ile haya iishe." Halafu, kabla ya kukata, akasema "aksanti" haraka haraka, kama mtu anayetupa kitu mlangoni na kukimbia.

Kitenge nilikipata kwa jirani. Mkewe alikichagua mwenyewe, cha rangi ya zambarau, na alinikaripia kwamba safari ile nikishone kwa vipimo. Nilinunua pia ndoo mpya yenye bomba dogo, nikaitia maji yenye dawa, nikaiweka juu ya kigoda nje ya mlango wa chumba cha nyuma, na kikombe kipya kimefunikwa na sahani. Nilijiona nimemaliza kila kitu. Angekunywa maji safi bila kuniona, nami ningebaki na macho yangu kwangu.

Mwenye pikipiki alimshusha mchana. Nilikuwa sebuleni, nimeketi, makusudi, ili ua wote uwe wake. Nilisikia hatua zake zikizunguka nyumba polepole, mke wangu akimshika mkono. Nilisikia zikisimama kwenye ndoo mpya. Mke wangu alimweleza: hii ni yako, Mama, mukwe wako alikuwekea. Hakujibu. Hatua zikaanza tena, lakini hazikuingia chumba cha nyuma. Zilirudi, zikapita pembeni ya nyumba, zikaja mbele.

Alisimama katika mlango wa sebule. Nikaruka nitoke kwa mlango mwingine.

"Ikala," akasema.

Sauti ilikuwa imerudi, ile ile. Nikaketi. Yeye akaja akaketi kwenye kiti kilichonielekea, akashusha pumzi, akafunua kitenge kichwani akakiweka mabegani. Nywele zake ni nyeupe kabisa, sikuwahi kujua. Mimi nilitazama sakafu.

"Asubui ile nilisema heri nikufe kuliko mukwe wangu anione," akasema. Hakusema na binti yake. Alisema nami. "Nilimuomba Mungu vile, kabisa. Sasa umeniona. Na sikukufa."

Mke wangu alikuwa mlangoni na mtoto, amejiziba mdomo. Mimi nilitaka kusema kitu cha heshima, nikasema upumbavu: "Mama, maji yako iko inje, ku mulango yako."

"Ile bapatie batoto. Minye niletee ya hapa."

Nikasimama nikachukua kikombe. Mikono yangu, ambayo kila asubuhi hupima dawa bila kudondosha tone, ilimwaga maji mezani, kwenye suruali, sakafuni. Nikampa kwa mikono miwili. Akapokea kwa mikono miwili. Akanywa yote polepole mbele yangu, macho yake wazi yakinitazama, nami nikamtazama mpaka alipomaliza. Kisha akanirudishia kikombe.

"Iko inanuka dawa," akasema. "Ongeza."